Abiria Wawili, Kiti Kimoja

Konda wa daladala ana hesabu ambayo makampuni ya wingu huwalipa wahandisi pesa nyingi waipige: anayeshuka Magomeni anamwachia kiti anayepandia hapohapo. Seva nayo huuzwa vivyo hivyo. Hukatwa kuwa mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na chuma chake zenyewe, na kila mteja akaamini kiti ni chake peke yake.

Mkongwe wa mchezo huu ni CP-40 ya IBM, iliyoanza kazi Januari 1967 huko Cambridge, Massachusetts. Iliweza kuendesha mashine pepe 14 kwa pamoja, kila moja na kilobaiti 256 za kumbukumbu. Picha ya simu ya leo haiingii humo.

Taji la werevu nalitoa bila kusita kwa puto la kampuni ya VMware, alilolieleza Carl Waldspurger mwaka 2002. Seva ikiishiwa kumbukumbu, msimamizi wake, yaani programu inayozigawia mashine pepe nafasi, hutaka kumpunguzia mpangaji mmoja, yaani mashine pepe moja, ampe mwingine. Lakini yuko nje ya mlango. Hajui ndani kipi taka na kipi mali. Basi huweka puto humo ndani, programu ndogo ambayo ikiamriwa kuvimba huomba kumbukumbu kwa mfumo endeshi wa mpangaji. Mfumo ukibanwa huachia wenyewe visivyohitajika sana, na nafasi iliyoshikwa na puto hupewa jirani. Mpangaji kafagia chumba bila kutumwa! Waldspurger akaongeza kodi kwa kumbukumbu inayolala bure, kiwango chake cha kawaida asilimia 75. Naifahamu mitaa yenye viwanja vilivyoota nyasi miaka ishirini ambako kodi ya namna hiyo ingezua vita.

Kwa kuhama kutoka seva moja hadi nyingine, rekodi iliyonisisimua ni ya mwaka 2005. Watafiti wa Xen, programu nyingine ya kuendesha mashine pepe, waliihamisha mashine pepe iliyokuwa ikiendesha mchezo wa Quake 3, wachezaji wakiwa katikati ya mapambano. Kumbukumbu ilinakiliwa huku mashine ikiendelea kufanya kazi, kilichobadilika kikarudiwa, na mwisho ikasimamishwa kwa milisekunde 60 tu. Kufumba na kufumbua huchukua zaidi.

Kwa kuzaliwa haraka yupo Firecracker, programu ya Amazon ya kuanzisha mashine pepe, aliyetangazwa 2018: milisekunde 125 mashine imeamka, na gharama yake ya kumbukumbu haifiki megabaiti 5. Amazon hiyohiyo inakodisha mashine ya kumbukumbu ya gigabaiti nusu na nyingine ya terabaiti 24, tofauti ya mara 49,152. Huduma yenyewe ya kukodisha, EC2, ilijengwa na timu iliyokaa Cape Town, ikafunguliwa Agosti 2006.

Rekodi ya ukaidi inashikiliwa na hesabu ya upakiaji, yaani kuzipanga mashine pepe, ambazo ndizo mizigo, kwenye seva chache iwezekanavyo. Mbinu nyepesi ni kuanza na mzigo mkubwa zaidi, kila mmoja ukiingia kwenye seva ya kwanza yenye nafasi. David Johnson alithibitisha mwaka 1973 kwamba, mizigo ikiwa mingi, mbinu hiyo haizidi idadi bora kwa zaidi ya asilimia 22 au 23 hivi. Hapo lakini kinapimwa kitu kimoja tu. Ukileta prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao kwa pamoja, seva huweza kujaa kumbukumbu hadi pomoni huku nusu ya prosesa zake zikipiga miayo, na hakuna mteja wa kuuziwa hiyo nusu.