Kegonga: Mji mdogo kando ya mstari wa wakubwa

Mpenzi msomaji, ukibahatika kukitembelea kijiji kidogo cha Ujerumani, wenyeji hawatachoka kukuonyesha mambo yao ya kale. Utapelekwa kwenye kanisa la zamani, na aghalabu karibu nalo utaona jiwe lililochongwa majina ya vijana waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Historia ya kijiji imewekwa hadharani, na mgeni huisoma bila kuuliza.

Sasa hebu twende Kegonga. Ukitoka mjini Migori unashika njia ya Kehancha, kisha unazidi kwenda mashariki hadi ufike mji huu mdogo ulio makao ya Kuria Mashariki. Utakuta soko, maduka ya mabati, vijana wa bodaboda wakingoja abiria, na mashamba ya mahindi na tumbaku. Huoni mnara wala jumba la makumbusho. Mgeni mwenye haraka atasema kuwa hapa hapana historia.

Atakuwa amekosea. Kumbukumbu kubwa ya Kegonga iko kusini, si mbali na mji, nayo ni mpaka wa Kenya na Tanzania. Ajabu ni kwamba mpaka huo una mkono wa Wajerumani hao hao.

Rula na ramani

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana jinsi ya kugawana Afrika Mashariki. Mstari wao ulianzia pwani kwenye mlango wa Mto Umba, ukafika Ziwa Jipe, ukapita kaskazini mwa Mlima Kilimanjaro, kisha ukanyooka moja kwa moja hadi ukingo wa mashariki wa Ziwa Victoria, kwenye digrii 1 kusini mwa ikweta. Mwanafunzi, chukua ramani yako uutazame. Mto hupinda na mlima hupanda na kushuka, lakini mstari huu umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

Mkuria hakuulizwa neno. Kazi ya kuupima mstari huo ardhini, kutoka Ziwa Victoria hadi Kilimanjaro, ilianza 1904, miaka 18 baada ya mapatano.

Wakuria wamegawanyika katika koo kubwa, na kila ukoo una nchi yake iitwayo ikiaro. Wanyabasi wa Kegonga na majirani zao Wairege wa upande wa Ntimaru walijikuta wamekatwa vipande viwili. Baadhi yao wako Kenya, na ndugu zao wako Tarime, Tanzania. Lugha ni moja, wazee wa inchama wanaheshimiwa pande zote mbili, na zeze kubwa la iritungu linachezewa huku na huko.

Vita vikaja, vita vikaenda

Septemba 1914 askari wa Wajerumani walivuka mpaka na kuingia Kisii, wakapambana na Waingereza, kisha wakarudi nyuma. Vita vilipokwisha, Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake, na Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza. Kwa hiyo pande zote mbili za mstari zikawa na bwana mmoja. Ungedhani mstari ungefutwa. Haukufutwa.

Tanganyika ilipata uhuru 1961 na Kenya 1963. Mwaka 1964 viongozi wa Afrika walikutana Cairo wakaamua kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Walikuwa na sababu, kwani kila nchi ikianza kudai kipande chake, vita havingekwisha. Hata hivyo, gharama ya amani hiyo ililipwa na watu wa mipakani.

Wakuria waliilipa zaidi mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Ulikaa hivyo hadi 1983. Fikiri, msomaji, dada yako ameolewa ng'ambo, ng'ombe wa mahari wako huko, na msiba umetokea huku. Serikali zimekosana, lakini shangazi hakuacha kuwa shangazi. Watu walipita njia za panya ili wakazikane.

Mstari huo pia uliwafaa waovu. Mwizi wa mifugo akishawavusha ng'ombe, polisi wa upande huu hawezi kumfuata kwa sheria ya upande ule. Kwa miaka mingi, mwenye zizi alilala jicho moja wazi.

Alama zisizo na jiwe

Kaunti ya Migori inayo alama moja maarufu duniani. Ni Thimlich Ohinga kule Nyatike, maboma yaliyojengwa kwa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Wapeleke watoto wakayaone. Kuta zile zilijengwa na wenyeji kwa haja yao wenyewe, ili kulinda watu na mifugo yao.

Lakini mkiwa njiani msiipite Kegonga kama mahali pasipo na neno. Huko kuna ukuta usioonekana, na waliouweka hawakulala nyuma yake hata usiku mmoja. Wanaoujua ni wale waliouvuka kwenda harusini, mazishini au kutafuta ng'ombe walioibwa.

Wajerumani wamechonga majina yao kwenye mawe. Ya Kegonga yamo vifuani mwa wazee, na mzee hana nakala ya pili. Mwanafunzi, likizo hii chukua daftari, keti karibu na babu na nyanya, umuulize kila mmoja: mpaka ulipofungwa, nani wetu alibaki ng'ambo? Andika jina lake.