Bibi hakunywa maji

Julai mwaka juzi nilikwenda Heathrow kumpokea Bibi kutoka Unguja. Ana miaka 76. Alitoka akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, buibui limenyooka, mkoba mapajani, utadhani anatoka harusini. Nikainama kumbusu mkono, "Shikamoo Bibi," na hapo ndipo nikaiona miguu yake. Viatu kavivua, kavishika mkononi. Vifundo havionekani kwa uvimbe.

"Marahaba, mwanangu."

"Safari ilikuwaje?"

"Alhamdulillahi, nzuri. Nilikaa tu nimetulia, sikumsumbua mtu."

Sisi tuliozaliwa huku tunalijua jibu hilo. Wazee wetu hawaumwi, hawachoki wala hawana njaa, mpaka uwabane. Tulimpeleka nyumbani Milton Keynes, Mama akamwekea mito chini ya miguu, tukasema ni uchovu wa safari. Ukihesabu tangu alipotoka kwake Mwembetanga mpaka kukaa kwenye kochi letu, ni karibu saa 22, na nyingi kati ya hizo amekaa kitako.

Siku ya tatu mguu wa kulia ulikuwa umenywea. Wa kushoto bado. Ukiugusa ni wa moto, na kila akikanyaga anakunja uso. Mama keshaleta mafuta ya karafuu amchue. Mimi nikapiga simu 111. Wakauliza: mguu mmoja au yote miwili? Amesafiri karibuni? Anapumua vizuri? Wakatuambia twende hospitali siku ile ile, na mguu tusiuchue.

Hospitali nilikuwa mkalimani, na aibu ikanipata. Nina digrii mbili, lakini ile nyama ya nyuma ya mguu, chini ya goti, sikujua inaitwaje kwa Kiswahili. Bibi akanitazama kwa huruma. "Shavu la mguu, mwanangu." Lishike neno hilo, siku moja utalihitaji.

Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha damu imeganda ndani ya mshipa. Daktari akatueleza kuwa bonge kama lile likikatika linaweza kusafiri mpaka kwenye mapafu, na linaweza kuua. Akamwandikia vidonge vya kuzuia damu isigande, miezi mitatu. Kisha akauliza: kwenye ndege alikunywa maji? Aliinuka akatembea?

Nikatafsiri.

"Mwambie nilikunywa," Bibi akasema, huku anaangalia dari.

Huko juu mwili unafanywa nini

Usiku ule nilisoma sana. Kumbe hewa ndani ya ndege haiko kama ya chini. Inawekwa katika kiwango cha mtu aliyeko juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Nairobi iko karibu na mita 1,800. Yaani Bibi, aliyeishi miaka yote pembeni mwa bahari, alikuwa kama kakaa saa nyingi Nairobi au juu zaidi, bila kujua. Kijana mwenye afya hahisi kitu. Mzee mwenye moyo au mapafu dhaifu anaweza kukosa pumzi, kwa hiyo aonane na daktari kabla ya safari. Hewa hiyo pia ni kavu mno, ndiyo maana koo na macho hukauka.

Lakini kilichomuumiza Bibi zaidi ni kukaa. Shavu la mguu hufanya kazi ya pampu: ukitembea, msuli unakaza na kuirudisha damu juu. Ukikaa bila kusogea, damu inatuama. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake: safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari ya damu kuganda karibu mara mbili, iwe kwa ndege, gari, basi au treni. Kwa watu wa kawaida hatari yenyewe bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Inapanda kwa mzee, kwa aliyewahi kuganda damu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, na mwenye uzito mkubwa. Na haiishi ukishatua, huendelea wiki kadhaa.

Na maji je? Maji peke yake si kinga. Ila anayekunywa maji huinuka kwenda chooni, na kule kuinuka ndiko kunakomsaidia.

Alichonieleza usiku

Nilimpelekea chai, nikakaa kwenye ncha ya kitanda chake. "Bibi, niambie kweli. Ulikunywa maji?"

Akanyamaza. Kisha, "Yule daktari mwanamme. Nitamwambiaje mambo ya choo?"

Ikatoka yote. Alipewa kiti cha dirishani. Pembeni yake wanaume wawili wasiojuana naye, wamelala. Angeinukaje awapite magotini? Na hata angepita, choo cha ndege hakina maji ya kuchambia, kuna karatasi tu. "Mie karatasi siziwezi. Nitaswalije?" Basi akaamua mapema, tangu nyumbani, kwamba hanywi kitu. Hata ile dawa ya presha inayomtoa mkojo hakuimeza. Kwenye uwanja wa kubadilisha ndege aliachwa kwenye kiti cha magurudumu zaidi ya saa mbili, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda msalani. Naye hakuomba.

Nilikuwa na hasira, lakini si kwake. Mimi ndiye niliyekata ile tiketi. Nilitazama bei na mzigo wa kilo ngapi. Kiti sikukichagua kwa sababu kilikuwa na malipo ya ziada. Kuhusu choo sikumuuliza kabisa, kwa sababu mimi pia naona haya kumuuliza Bibi mambo hayo. Haya yake na haya yangu zilikutana, mguu ukalipa.

Safari ya kurudi

Alirudi Unguja Novemba, alipomaliza dawa na daktari kumruhusu. Mara hii tulikaa naye wiki mbili kabla, na kila kitu kikasemwa kwa jina lake.

Kiti kilikuwa cha upande wa njia, karibu na choo. Nililipia. Kwenye mkoba tulimtilia kichupa laini cha plastiki, kitupu, cha kujaza akishapita ukaguzi. Kichupa hicho kilimfurahisha kuliko zawadi zote.

Dawa zote, na karatasi yenye majina yake, zilikaa kwenye mkoba wa mkononi. Kama mzee wako anatumia insulini, usiitie kwenye sanduku linalokwenda chini, inaweza kuganda kwa baridi. Ile dawa ya kutoa mkojo daktari alimpangia saa ya kuimeza, badala ya yeye kuiacha kimyakimya. Alimpimia pia soksi za kubana, zinazofika chini ya goti. Mwenye kisukari au mishipa mibovu ya miguu asizivae bila kuuliza. Aspirini pia usimpe kwa kubahatisha.

Kiti cha magurudumu tuliomba saa 48 kabla. Viwanja vya Uingereza huduma hiyo ni bure. Ila tulimfundisha Bibi kusema "toilet, please" kwa sauti, mbele yetu, mpaka akaacha kucheka.

Na bima. Huku Uingereza chumba cha dharura ni bure kwa kila mtu, lakini mgeni akilazwa au akipangiwa kliniki, bili inakuja. Ya kwetu ilikuja.

Mwisho, jifunze dalili. Miguu yote miwili kuvimba kidogo ni kawaida, hushuka baada ya siku moja mbili. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Akikosa pumzi au kifua kikimbana, piga simu ya dharura hapo hapo.

Alipofika Unguja alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nasikia jogoo na shangazi wakipiga kelele. Hakusema amefika salama, wala hakuulizia Mama. Alianza hivi:

"Mwanangu, nimekwenda chooni mara tano! Yule bwana wa pembeni yangu kaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, mjukuu wangu kaniamrisha."