Selimundu: Maswali magumu ambayo familia hukutana nayo mtoto mmoja anapougua

Saa nane usiku, mvulana wa miaka minane anaamka akilia. Mguu wa kulia, anasema, halafu mgongo. Mama anajua tayari. Anamnywesha maji, anampa dawa ya maumivu, anamfunika vizuri, anasubiri nusu saa. Maumivu yasipotulia itabidi itafutwe bodaboda ya kwenda hospitali, na baba abaki na wale wawili wengine. Mkubwa, msichana wa miaka 12, ana mtihani asubuhi. Yuko macho, lakini anajifanya amelala.

Familia hii ni ya kufikirika. Maswali yake yapo kweli, tena katika nyumba nyingi. Inakadiriwa kuwa kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto kati ya 11,000 na 14,000 wenye selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita ugonjwa huu, na nchi hiyo ni miongoni mwa zenye wagonjwa wengi zaidi duniani.

Ni ugonjwa wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kawaida ni za duara na laini, hujikunja zikawa na umbo la mundu. Zinanasa kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na hapo maumivu yanaanza. Chembe hizo pia hufa mapema, baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120, ndiyo maana mtoto huishiwa damu mara kwa mara. Maambukizi humkamata kirahisi. Wengine hupata kiharusi wakiwa bado wadogo.

Haya yote wazazi huelezwa kliniki. Yanayofuata wakirudi nyumbani ni mambo mengine, na kadi ya kliniki haina nafasi ya kuyaandika.

"Kwetu hakuna ugonjwa huu"

Swali la kwanza huja siku ile ile ya majibu: umetoka wapi? Ukoo mara nyingi huwa na jibu lake tayari, nalo ni kwa mama. Kuna ndoa zilizovunjika kwa sentensi hiyo moja tu ya "kwetu hakuna."

Ukweli ni kwamba mtoto mwenye SS, aina inayoonekana zaidi Afrika Mashariki, amepokea kinasaba kimoja kutoka kwa mama na kingine kutoka kwa baba. Wazazi wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa. Ni wabebaji tu, na karatasi ya maabara huwaandika AS. Wala ubebaji si laana: mwaka 1954 Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba hali ya AS humpa mtu kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana kinasaba hiki kimejaa kwenye maeneo yenye malaria nyingi, kama kuzunguka Ziwa Victoria.

Basi daktari anashauri wazazi wote wawili wapime. Ushauri mzuri, ila una mtego. Kuna wakati majibu ya baba hurudi AA, yaani hana kinasaba hicho kabisa.

Hapo hakuna haja ya kukimbilia hukumu. Maabara hukosea. Mtoto aliyeongezewa damu siku za karibuni anaweza kutoa majibu ya kupotosha. Zipo pia aina nyingine za selimundu ambapo mzazi mmoja anabeba kinasaba tofauti, kama cha thalasemia, na kipimo cha haraka hakikioni. Kwa hiyo kipimo kinarudiwa, tena kwa mashine nzuri zaidi. Lakini yakishafanyika yote hayo na majibu yakabaki vile vile, inabaki maana moja ambayo kila mtu chumbani anaijua na hakuna anayetaka kuitamka.

Mhudumu wa afya afanye nini? Akinyamaza, anamficha baba jambo linalomhusu. Akisema, huenda usiku huo huo mama na mtoto mgonjwa wakalala nje. Washauri wengi wa vinasaba wanaona dawa ya tatizo hili ni kulitangulia: zungumza na kila mzazi peke yake kabla ya damu kutolewa, mweleze kipimo kinaweza kufichua nini, kisha mwache achague. Mama anayekataa baba apimwe huenda ana sababu yake, na kuna jambo moja la kumtuliza. Mtoto akishathibitishwa kuwa na SS, matibabu yake hayasubiri majibu ya baba.

Kuzaa tena au basi?

Wazazi wawili wenye AS wana uwezekano wa asilimia 25 kupata mtoto mwenye SS. Hesabu hii watu wengi huielewa vibaya. Wanasema, "tumeshapata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa wazima." Sivyo. Asilimia 25 huanza upya kila mimba. Kuna familia zenye watoto watatu, wote wagonjwa, na nyingine zenye sita wazima.

Wengine huamua kuacha kuzaa kabisa. Uamuzi huo ni rahisi kuusikia, ila mgumu kuuishi pale mama mkwe anapotaka mjukuu mwingine. Ujauzito nao unaweza kupimwa, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tatu hivi, penye vifaa na wataalamu. Lakini baada ya kupima? Sheria ya Tanzania hairuhusu kutoa mimba kwa sababu mtoto ana selimundu. Hivyo mzazi anaweza kubeba taarifa hiyo miezi sita mingine bila cha kuifanyia. Kwa wengi lenye faida zaidi ni kumpima mtoto mara tu anapozaliwa, ili dawa ya kuzuia maambukizi ianze mapema, kabla hajatimiza miezi mitatu.

Halafu kuna wazo jingine ambalo huanza kama mnong'ono: tuzae mtoto atakayemponya huyu.

Wazo hilo halikutoka hewani. Mwaka 2000, huko Colorado nchini Marekani, alizaliwa mtoto wa kiume aliyechaguliwa akiwa bado kiinitete maabara, ili awe mzima na damu yake ya kitovu ilingane na dada yake mwenye ugonjwa hatari wa damu. Dada alipona. Ubishi haukuisha. Wapo walioona upendo mtupu, na wapo walioona mtoto aliyetengenezwa kama kipuri.

Familia ya kawaida Afrika Mashariki haina hela ya maabara kama ile. Inachoweza ni kushika mimba na kuomba Mungu. Kwa baba na mama wale wale, uwezekano wa mtoto kulingana na nduguye kwa aina ya tishu ni mmoja kati ya wanne. Uwezekano kwamba naye hatakuwa na SS ni watatu kati ya wanne. Vinasaba hivyo viwili hurithiwa kila kimoja kivyake, kwa hiyo unazidisha, na unapata 3 kati ya 16. Yaani watoto zaidi ya wanne kati ya watano watakaozaliwa kwa matumaini hayo hawataweza kusaidia, na mmoja kati ya wanne atakuwa mgonjwa mwenyewe. Kabla ya kuanza safari hiyo, wazazi wanapaswa kuwa na jibu la swali moja: huyo asiyelingana, nyumbani ataonekana nani?

Dada anapolingana

Miaka ya nyuma, kupandikiza uloto kulimaanisha India, mnada wa shamba na harambee ya mtaa mzima. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu, na swali likasogea karibu. Tuseme watoto wa familia ile wamepimwa. Mdogo wa mwisho halingani. Dada wa miaka 12 analingana.

Anayetoa huchomwa sindano ya usingizi, kisha uloto huvutwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga. Mwili huurudisha ndani ya wiki chache. Atauma mgongo na nyonga siku kadhaa. Madhara makubwa ni nadra, ila hayawezi kuitwa sifuri, na yeye haumwi chochote.

Anayepokea ndiye mwenye safari ndefu. Dawa kali zinaua kwanza uloto wake wote, anakaa wiki kadhaa akiwa ametengwa, na hata akitoka anafuatiliwa kwa muda mrefu. Uloto ukitoka kwa ndugu anayelingana, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hubaki hai, na wengi wao hupona selimundu kabisa. Wachache hufariki. Dawa zile pia zinaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa baadaye, jambo ambalo mtoto wa miaka minane hawezi kuulizwa akalielewa. Na kuna miezi mvulana huyu yuko sawa kabisa, anacheza mpira, anaenda shule. Kumpeleka mtoto anayecheza mpira kwenye matibabu yanayoweza kumuua kunahitaji moyo wa namna yake. Kungoja hadi apate kiharusi nako ni uamuzi.

Na dada, anaweza kukataa?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema maslahi ya mtoto yatangulie, na kifungu cha 11 kinampa mtoto anayeweza kuwa na mawazo yake haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Lakini hapa watoto ni wawili. Mzazi anatia saini kwa ajili ya wote, kwa kalamu moja, na mmoja wao yuko hatarini. Mwaka 2010 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo kikataka mtoto anayetoa uloto awe na mtetezi wake, mtu asiye kwenye timu inayomtibu ndugu yake. Ni wazo zuri hata pasipo na mwongozo wowote. Shangazi anaweza kuifanya kazi hiyo: amchukue binti pembeni, bila baba wala mama, amuulize anaogopa nini, na amsikilize kweli.

Jambo moja asiache kumwambia mapema. Upandikizaji ukishindikana, kosa si la uloto wake. Mtoto asiyeambiwa hivyo kabla anaweza kuzeeka akiamini kwamba ni yeye aliyemuua mdogo wake.

Hela ya dawa, ada ya mwingine

Familia nyingi hazitafika huko. Zitabaki na vidonge, na hilo si jambo dogo. Utafiti wa dawa ya haidroksiyurea uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo na Angola, ukachapishwa mwishoni mwa 2018, ulifuatilia watoto 606. Maumivu yalipungua, malaria ikapungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo pia. Tiba mpya ya kurekebisha vinasaba iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023 ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, kwa hiyo tuiache huko huko.

Haidroksiyurea ni ya kila siku, na damu inapimwa mara kwa mara. Kwa familia inayoishi kwa genge au kibarua, kila mwezi kuna mahali hela hiyo inatolewa. Mara nyingi inatoka kwa aliye mzima: viatu vya shule vitasubiri, masomo ya ziada yatasubiri. Watoto wazima hujifunza haraka kutoomba. Wazazi huwasifu, "huyu ana akili, anaelewa hali," bila kujiuliza sana anaelewa nini hasa. Na yule mgonjwa anaona. Wapo watoto wanaoficha maumivu mpaka yawazidi kwa sababu walisikia mazungumzo ya hela.

Nani aambiwe, na lini

Siku moja mvulana atauliza kama atakufa. Huenda shuleni wameshamwambia wenye selimundu hawafiki miaka ishirini. Kumwambia "acha maneno hayo" kunamfundisha tu asiulize tena. Jibu la kweli lipo, nalo lina nafuu ndani yake: zamani watoto wengi walifariki kabla ya miaka mitano, mara nyingi bila hata kupimwa, na leo wapo wenye selimundu waliosoma, wakaoa na kuolewa, na wanalea wajukuu.

Dada yake ana swali lake, ila hajui kama analo. Damu ilipochukuliwa kutafuta wa kulingana, majibu mengine yalikuja nayo: yeye ni AS. Wazazi wanajua. Baba anataka aambiwe akifika miaka 18. Mama anasema binti haanzi kupenda kwa kufuata umri wa baba yake. Wanaogopa pia mtaa, maana wachumba huhesabu koo. Saudi Arabia na Bahrain zimefanya kipimo hiki kuwa lazima kabla ya ndoa tangu 2004, na wenye majibu mabaya bado huachiwa waamue wenyewe kuoana au la. Hapa nyumbani hakuna anayelazimishwa, hivyo kila familia hujipangia siku yake.

Baba na mama hawajakubaliana. Karatasi ya majibu wameiweka kwenye ule mfuko wa kadi za kliniki za mdogo wake, ule ule ambao dada hutumwa kuuchukua kila usiku bodaboda inapoitwa.