Gasketi ya Trekta Haiungui Bila Sababu

Leo tuzungumzie trekta, hasa lile linalochemsha katikati ya shamba.

Kwetu Usukumani pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba. Trekta likilala wiki mbili wakati huo, mashamba ya watu wengi yamelala nalo. Nililiona jambo hili Kolandoto, kwa kikundi kimoja cha wakulima. Massey Ferguson 135 yao iliunguza gasketi ya silinda hedi mara mbili katika msimu mmoja. Watu waliokwisha toa pesa za kulimiwa wakarudi kwenye jembe la mkono.

"Bwana Shamba," dereva akaniambia, "gasketi za siku hizi ni bandia."

Nikamwuliza, "Mzee, maji ya rejeta unachota wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye lambo la ng'ombe. Jibu nikawa nimelipata.

Gasketi ni kipande chembamba kinachokaa kati ya bloku na hedi. Kazi yake ni kuzuia vitu vitatu visichanganyike: moto wa silinda, maji ya kupoozea na oili. Injini ya dizeli haina plagi. Pistoni huibana hewa mpaka inapata joto la kuwasha dizeli yenyewe, na gasketi ndiyo inayozuia nguvu hiyo isitoroke. Injini ikichemsha mno, hedi hupinda kidogo, na moto ukishapata upenyo hula gasketi.

Dalili zake ni hizi. Maji ya rejeta yanapungua na huoni yanapovujia. Mapovu yanapanda ndani ya rejeta injini ikiwaka. Moshi mweupe unaendelea kutoka hata injini ikisha pata moto. Nguvu zinapungua. Chomoa kijiti cha oili: ukikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, zima, usiliwashe tena. Oili yenye maji huharibu beringi za krenki, na gharama yake utalia.

Likichemsha shambani, usifungue mfuniko wa rejeta papo hapo, maji yatakuunguza uso. Wala usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto, maana chuma kitapasuka. Liache lipoe.

Haya, matengenezo. Kazi hii ni ya fundi, lakini mwenye trekta asimame aone. Injini iwe imepoa kabisa. Maji na oili vimwagwe, na mipira ya nozeli izibwe kwa kitambaa safi. Nati za hedi zilegezwe kidogo kidogo, kuanzia pembeni kwenda katikati. Fundi asichokonoe hedi kwa bisibisi, mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha.

Gasketi ya zamani msiitupe kabla ya kuitazama. Mahali ilipoungua panaonyesha njia ya moto. Kisha nyuso zote mbili zisafishwe, na rula ya chuma iliyonyooka ilazwe juu ya hedi, urefu, upana na mshazari. Mwanga ukipita chini ya rula, hedi imepinda. Ipelekwe karakana yenye mashine ya kuisawazisha. Ukifunga hedi iliyopinda, umefunga hasara.

Gasketi mpya iwe ya injini hiyo hiyo, na upande wa juu uwe juu. Nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa mizunguko mitatu au zaidi, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kipimo cha kitabu cha trekta. Kukaza kwa kukisia mkono hakufai. Valvu zipimwe, oili na filta viwe vipya. Kitabu kikisema hedi ikazwe tena baada ya kazi ya saa kadhaa, fanya hivyo.

Hata hivyo, ndugu zangu, hayo yote ni bure kama joto lenyewe halijatafutwa. Yule mzee alikuwa amefunga gasketi mpya juu ya ugonjwa wa zamani. Tulipoifungua rejeta, ndani mlikuwa na tope la lambo lililokauka kama udongo wa chungu. Nje, matundu ya hewa yalizibwa na pumba na majani ya majaluba. Mkanda wa feni ulilegea. Na plau ilikuwa ikivuta udongo mzito wa mbuga mchana kutwa! Tukazibua, tukaosha, tukakaza mkanda. Gasketi ya tatu ikamaliza msimu.

Basi kila asubuhi, kabla ya kuwasha, angalia maji, oili na mkanda. Jioni, pangusa pumba kwenye rejeta. Maji yawe safi: maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati na kuchujwa kwa kitambaa yanafaa sana. Mjini Shinyanga maji ya Ziwa Victoria yalifika mwaka 2009. Anayetoka huko abebe dumu moja la trekta. Lambo tuwaachie ng'ombe.

Dakika kumi za asubuhi ni rahisi kuliko wiki mbili za kungoja fundi huku mvua inapita.