Merikebu Iliyopima Pwani Yetu

Mwaka 1822 Barracouta, merikebu ndogo ya vita ya Uingereza yenye muundo ule ule wa Beagle iliyomchukua Darwin, ilifuatana na Leven, chini ya Kapteni Owen, kuchora ramani ya pwani ya Afrika Mashariki. Kazi ilikuwa ya bildi: risasi iliyofungwa kambani hushushwa majini, kina kikasomwa na kuandikwa, kisha tena. Kazi ya kuchosha! Hata hivyo kilichowaangamiza mabaharia si miamba bali homa, hasa walipoipima mito ya Ghuba ya Delagoa kwa mashua. Wakailaumu hewa ya matope. Mbu hakushukiwa, ni mwaka 1897 ndipo Ronald Ross alipoviona vijidudu vya malaria tumboni mwake.