Je, Wajua? Amri ya rovu hutoka chini ya ubongo

Rovu huota shingoni, tezi ya shingo inapovimba, lakini kinacholiamuru likue ni tezi ya pituitari, kitu cha ukubwa wa harage kilicho chini ya ubongo. Mwili ukikosa madini joto, yaani iodini, homoni za tezi ya shingo hupungua damuni, na pituitari hujibu kwa kumwaga homoni ya TSH kwa wingi.

TSH hunasa kwenye kipokezi cha seli za tezi ya shingo, protini iliyopenya utando wa seli mara 7. Upande wa ndani, protini nyingine huamka na kuchochea utengenezaji wa cAMP, molekuli ya kupeleka ujumbe ndani ya seli, na hiyo huiagiza seli mambo mawili kwa mpigo: gawanyika, na uendelee kunasa iodini. Ajabu hiyo, kwani seli nyingi zikianza kuzaliana huacha ufundi wake.

Katika ugonjwa wa Graves, kingamwili hujifanya TSH na kukichokoza kipokezi hicho mfululizo. Katika saratani nyingi za tezi ya shingo, kosa liko ndani zaidi: protini ya BRAF hubadilika asidi amino moja tu, ya 600. Seli huzaliana ovyo na kuacha kunasa iodini, ndiyo maana matibabu ya iodini yenye mionzi wakati mwingine hugonga mwamba.