BUSTANI NI YA WOTE: TUJUE TENDA NA VIBALI

Mwaka huu nimeonelea tuzungumzie neno tunalolisikia kila mara kwenye matatu, sokoni na katika baraza la chifu: tenda. "Fulani amepata tenda ya kaunti." "Aa, tenda ile ilikuwa na mwenyewe kitambo!" Maneno haya ni ya kawaida hapa kwetu Ukambani, Kitui na hata Makueni. Lakini ukimwuliza msemaji tenda hutolewa vipi, atakuna kichwa.

Nitatumia mfano wa bustani za umma. Shule ina mwalimu mkuu na zahanati ina muuguzi wa kuuliza maswali. Bustani haina mwenye nyumba, na kitu kisicho na mwenye nyumba huliwa kwanza.

Bustani ni ya nani?

Kitui na Wote si majiji, ni manispaa. Hata hivyo bustani tunazo. Wote ipo bustani ya umma iliyojengwa na serikali ya kaunti, na mjini Kitui ipo Kalundu Eco-Park, karibu na bwawa la Kalundu. Katiba ya 2010 imeziweka bustani na viwanja vya burudani mikononi mwa kaunti. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kushika si kumiliki. Ardhi kama hiyo kaunti huishika kwa niaba ya wakaazi, yaani mimi, wewe na nyanya yako.

Somo hili nchi yetu ililipata kwa shida. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Profesa Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua kuuliza nani ameruhusu. Alitukanwa, akadharauliwa, lakini hakunyamaza. Mwishowe jumba lile halikujengwa. Swali lake ndilo tunalopaswa kujifunza kuuliza: nani ameruhusu, na kwa utaratibu gani?

Neno zabuni

Kwa Kiswahili sanifu tenda ni zabuni. Hapo zamani mtu aliyetaja bei mnadani alisemekana anazabuni. Kuna tofauti moja tu. Mnadani bei hupanda kwa sababu wanunuzi wanashindania kitu kimoja. Katika zabuni ya ujenzi bei hushuka, maana mnunuzi ni mmoja, kaunti, na wanaoshindana ni wauzaji wa kazi. Anayeshinda na kutia sahihi mkataba huitwa mkandarasi, ingawa kijijini tunamwita kontrakta.

Safari ya tenda

Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, inaeleza njia yenyewe.

Kwanza kabisa, tangazo. Kaunti hutangaza kazi, masharti yake, na siku na saa ya mwisho ya kupokea zabuni. Saa ikipita, imepita! Zabuni iliyochelewa hairuhusiwi kufunguliwa. Siku hizi serikali inataka kazi hii ihamie kwenye mtandao wa kompyuta, lakini kanuni hiyo haibadiliki.

Pili, ufunguzi. Zabuni hufunguliwa mara tu muda unapokwisha, mbele ya wazabuni waliotaka kuhudhuria. Kamati ya kufungua huwa na watu wasiopungua watatu, na angalau mmoja wao asiwe miongoni mwa watakaozitathmini. Majina na bei husomwa kwa sauti. Bei iliyosomwa ndiyo bei. Mtu aliyekusudia kuandika shilingi 4,800,000 akaandika 480,000 hawezi kurudi kesho akidai kalamu iliteleza. Walimu wa hisabati, mnasikia jinsi ninavyowapigia debe?

Tatu, tathmini. Kamati nyingine ina siku zisizozidi 30. Huangalia kwanza kama karatasi zote zimo, kisha kama mzabuni ana uwezo wa kuifanya kazi. Bei hulinganishwa mwisho.

Nne, matokeo. Walioshinda na walioshindwa huarifiwa wakati mmoja, na aliyeshindwa huambiwa sababu. Mkataba hautiwi sahihi kabla siku 14 hazijapita. Kwa nini kungoja? Ili anayeona amedhulumiwa apate nafasi ya kulalamika kwa bodi ya kitaifa ya kupitia malalamiko ya zabuni, nayo ina siku 21 za kuamua. Aidha, mfanyakazi wa kaunti haruhusiwi kuomba tenda katika kaunti hiyo hiyo anayoitumikia. Huwezi kuwa mchezaji na refa.

Vibali navyo?

Kushinda tenda si ruhusa ya kuingia bustanini na matingatinga kesho yake asubuhi. Mkandarasi sharti awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Wakandarasi wamepangwa katika madaraja manane. Aliye daraja la 8 hupewa kazi ndogo ndogo, na aliye daraja la 1 hana kikomo. Awe pia amelipa kodi na ana cheti cha kuthibitisha hivyo.

Mradi wenyewe huhitaji idhini ya mipango kutoka kaunti. Kazi inayoweza kudhuru mazingira hupimwa kwanza athari zake chini ya uangalizi wa NEMA. Ikigusa mkondo wa maji, kama ilivyo rahisi kutokea Kalundu, Mamlaka ya Rasilimali za Maji nayo huhusika. Wafanyakazi nao wana ulinzi wao: sheria mbili za 2007, moja kuhusu usalama kazini na nyingine kuhusu fidia kwa anayeumia.

Najua mtasema, "Karatasi zote hizi za nini? Si ni kutafuta kitu kidogo tu?" Ni kweli kwamba penye karatasi nyingi mla rushwa hupata pa kujificha. Lakini hebu tuangalie mfano wa mchanga.

Bei rahisi hulipwa na nani?

Kila mtoto wa Ukambani anajua kwamba mchanga wa mtoni ni tangi la maji. Jua linapowaka na mto kukauka, maji hubaki chini ya mchanga, na akina mama huchimba visima humo. Mchanga ukichotwa wote, maji ya mvua hukimbia na kutuachia mawe matupu. Ndiyo sababu Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015: mchanga huchotwa kwa kibali, mahali palipotengwa.

Sasa chukua wakandarasi wawili wanaoshindania kujenga vijia vya bustani. Mmoja ananunua mchanga wenye kibali na kuwalipia wafanyakazi wake bima. Mwenzake anatuma lori mtoni usiku wa manane, na kibarua akivunjika mguu anamwambia aende nyumbani. Ni nani atakayeandika bei ya chini? Bila shaka ni huyo wa pili. Ikiwa kamati itatazama bei peke yake, mwizi atashinda kila mwaka, na mwaminifu atafunga biashara. Hiyo nafuu yake hatuipati bure. Inalipwa na mama anayetembea mbali zaidi na mtungi, na kibarua aliyelala nyumbani na mguu wake.

Hapo ndipo vibali na zabuni hushikana mikono. Kibali huhakikisha kwamba wote wanaanzia mstari mmoja. Baada ya hapo, bei ya chini ni sifa. Bila kibali, bei ya chini ni wizi uliofichwa.

Na sisi vijana?

Sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa umma itengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kaunti nazo hutakiwa kuwatengea wakaazi wake angalau asilimia 20. Hivyo kundi la mwethya lililozoea kuchimba matuta pamoja linaweza kujisajili rasmi, lipate cheti, na liombe tenda ya kupanda nyasi au kutunza miti. Mahali pa dhamana ya benki, makundi haya huruhusiwa kutia sahihi fomu ya ahadi. Ndugu zetu waliomaliza shule na wanaoketi kituoni kutwa wanafaa kuambiwa habari hii.

Sisi tulio bado darasani tunaweza kusoma na kuuliza. Sheria ya 2016 kuhusu upatikanaji wa habari humpa raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma. Makueni, wakati wa gavana wake wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana (2013 hadi 2022), ilisifika kwa kuwaachia wananchi wachague kamati za kusimamia miradi yao. Kamati kama hiyo haifai kitu ikiwa wanachama wake hawawezi kusoma mkataba wanaousimamia.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la bustani zetu ni hizo karatasi za tenda na vibali. Mzee akikuomba likizo hii umsomee tangazo la kaunti lililobandikwa kwa chifu, usimsomee kichwa cha habari tu ukakimbilia mpira. Msomee masharti, tarehe na saa ya mwisho, kisha umweleze. Huenda tenda hiyo ikawa ya kundi lake.